Dosiye, kaya, maabara, ziwa au mahojiano? Kuchagua njia ya utafiti kwa memwari ya afya na sayansi Bukavu

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Bukavu hakosi mada. Malaria ipo, utapiamlo upo, kipindupindu kinarudi, mpox ya aina mpya ilionekana Kamituga mwezi wa 9 mwaka 2023, migomba inanyauka, chemchemi za mitaani zinanywewa bila kupimwa. Taasisi nazo zipo: vyuo vya UCB, UEA, UOB na ISTM, hospitali za rufaa zinazopokea wanafunzi wa stajii, na Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Kigumu ni kuamua kama mada hiyo utaifuata kwenye rafu za dosiye, mlangoni mwa watu, chini ya hadubini, ndani ya mtumbwi au kwenye kiti mbele ya mtu anayezungumza.

Wengi huchagua kwa uzuri wa kichwa cha memwari, yaani kazi ya kumaliza masomo. Ni afadhali uchague kwa kujua kila njia inakwama wapi, kwa sababu zote hukwama. Hapa njia tano zinapimwa kwa vigezo vilevile: swali ambalo njia inaweza kulijibu, muda na matumizi, ruhusa, mahali kazi inapoharibika, na mtu ambaye njia inamfaa.

Jambo moja ni la wote wanaogusa binadamu. Protokoli inapita kwanza kwenye kamati ya maadili, ikiwa na dodoso, fomu ya ridhaa kwa Kifaransa na Kiswahili, kalenda na bajeti. Ridhaa ya mtoto aliye chini ya miaka 18 inatolewa na mzazi, na mtoto mwenye ufahamu naye anaulizwa. Asiyejua kusoma anaweka kidole mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Usikusanye hata dodoso moja kabla ya kibali: kibali hakirudi nyuma kufunika kazi iliyokwisha kufanywa. Hesabu miezi miwili ya kusubiri na kusahihisha, na miezi hiyo itumie kusoma. Vyuo vya Kongo vinaweza kupata majarida mengi bure kupitia Hinari, mpango wa WHO wa majarida ya afya, kwa hiyo uliza maktaba yenu neno la siri.

1. Dosiye za wagonjwa

*Swali.* Wangapi, akina nani, walitibiwaje, waliishia wapi. Akina mama waliofanyiwa upasuaji wa uzazi, watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, majeruhi wa ajali za pikipiki. Dosiye hazisemi kwa nini mgonjwa alichelewa kuja, wala hazisemi hali ya mji. Waliofika hospitali ni wale waliopata nauli. Ukiandika "ukubwa wa presha Bukavu" kwa dosiye za wodi moja, juri haitakuacha.

*Muda na matumizi.* Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Dosiye moja inachukua kama dakika 15, kwa hiyo dosiye 300 ni saa 75: siku 15 ukikaa chumba cha kumbukumbu saa 5 kwa siku. Matumizi ni usafiri, karatasi na subira ya mtunza kumbukumbu, ambaye unamsalimia vizuri kila asubuhi maana yeye ndiye anayejua dosiye za miaka ya nyuma zilihamishiwa chumba gani.

*Ruhusa.* Barua kwa mganga mkurugenzi na kibali cha kamati. Kwa kawaida kamati inaweza kukusamehe ridhaa ya kila mgonjwa mmoja mmoja, kwa sharti kwamba majina hayatoki hospitalini. Kila dosiye inapewa namba yako, na orodha inayounganisha namba hiyo na ile ya hospitali inakaa mbali na takwimu.

*Inapokwama.* Kwenye sehemu zilizoachwa wazi. Kabla ya kuandika protokoli, toa dosiye 20 kwa bahati nasibu kutoka rejista, kisha hesabu kila kipimo kimejazwa mara ngapi. Uzito wa mama ukikosekana katika dosiye 9 kati ya 20, usijenge swali lako juu ya uzito. Halafu angalia dosiye zilizo kwenye rejista lakini hazipo kwenye rafu. Hazikupotea kwa bahati tu: ya aliyefariki huenda ilitolewa kwa kikao cha kuchunguza kifo, ya aliyehamishwa huenda ilimfuata. Ukiziruka kimya, vifo vitaonekana vichache kuliko vilivyokuwa. Andika idadi yake.

Angalia pia kama maana ya ugonjwa imebadilika katika miaka uliyochagua. Mfano ni preeklampsia, ugonjwa wa presha ya mimba. Zamani ilidai presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba pamoja na protini kwenye mkojo, lakini tangu mwaka 2013 miongozo mipya imekubali dalili nyingine za hatari hata protini isipokuwepo. Dosiye za miaka 15 zinaweza kuwa na magonjwa mawili chini ya jina moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye miezi mitatu na mfuko mwepesi, na mwanafunzi wa tiba aliye kwenye zamu na tayari anaijua hospitali.

2. Uchunguzi wa kaya

*Swali.* Kiasi gani cha watu wana jambo fulani, na linaambatana na nini: chandarua, chanjo, utapiamlo, matumizi ya choo. Njia hii pekee kati ya tano inakupa haki ya kuzungumza juu ya zoni nzima ya afya, ikiwa sampuli ilichaguliwa vizuri.

*Muda na matumizi.* Hapa hesabu zinashtua wengi. Ukidhani asilimia 50 wana jambo hilo na unataka kosa lisizidi asilimia 5, kanuni inatoa watu 385. Ongeza asilimia 10 watakaokataa au kukosekana: unafika karibu 428. Na kama unachagua kwa makundi, tuseme avenyu au vijiji 30, majirani wanafanana, na namba inazidishwa, mara nyingi kwa 2. Watu 385 wamekuwa zaidi ya 850. Wadodosaji wanne wanaofanya kaya 9 kila mmoja kwa siku watahitaji siku 24. Ukiyaruka mafunzo ya siku mbili na majaribio kwenye avenyu isiyo ya sampuli, utayalipia siku hizo mara mbili. KoboToolbox, programu ya kujaza dodoso, ni ya bure na inafanya kazi simuni bila mtandao; kinachokatisha kazi ni betri.

*Ruhusa.* Kamati, kisha mganga mkuu wa zoni. Mji wa Bukavu una zoni tatu za mjini: Ibanda, Kadutu na Bagira-Kasha. Baadaye anakuja muuguzi mkuu wa kituo, chefu wa avenyu, na mtu wa reko (mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani) anayetembea nanyi. Vijijini, kama Kabare au Walungu, pitia pia kwa chefu wa grupema. Barua iliyopigwa muhuri mjini haina uzito kijijini kama mzee wa pale hajasalimiwa.

*Inapokwama.* Kwanza kwenye lugha. Dodoso linaandikwa kwa Kifaransa, linatafsiriwa Kiswahili cha hapa na Mashi au Kihavu, kisha mtu mwingine asiyeona ya kwanza analirudisha Kifaransa. Mtu mwingi hapa huita homa yoyote "malaria", swali "mtoto alipata malaria?" linapima jina, halipimi ugonjwa. Uliza mwili wa moto, siku ngapi, alipimwa damu au la.

Pili, kwenye uchaguzi wa nyumba. Mteremko wa Kadutu umejaa nyumba zinazofikiwa kwa njia za miguu tu, na mdodosaji aliyechoka hubaki kando ya barabara kubwa, ambako wanakaa wenye uwezo kidogo. Dawa ni kuorodhesha nyumba zote za avenyu kwanza, halafu kuchagua kwa namba. Nyumba iliyofungwa inarudiwa mara mbili kwa saa tofauti, maana asubuhi watu wako sokoni au shambani.

Tatu, vipimo vya watoto. Mzingo wa mkono unapimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Uvimbe unabonyezwa miguu yote miwili kwa sekunde 3. Umri ukiona umejaa miezi 12, 24 na 36, ujue mama alikadiria; tayarisha kalenda ya sikukuu, misimu na matukio ya mahali pale.

*Inamfaa nani.* Kundi linaloshirikiana, au aliye ndani ya mradi wenye fedha. Peke yako na franka za nauli tu, punguza: shule moja, kituo kimoja, na kichwa cha memwari kiseme hivyo waziwazi.

3. Maabara

*Swali.* Kuna nini ndani ya sampuli, kiasi gani, na kinauawa na dawa ipi. Ndiko wanafunzi wengi wanakotamani kwenda tangu mpox, lakini tofautisha madaraja. Kuthibitisha mpox kunahitaji PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi), na kusoma jenomu, yaani vinasaba vyake vyote, kunahitaji maabara kama za INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa biomedikali, iliyo Kinshasa na Goma. Ukiwa mwanafunzi unaingia huko kupitia mradi tu. Hadubini, Kato-Katz (kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi) na antibiogramu (kupima antibiotiki ipi inaua bakteria) vinawezekana hapahapa, na vinatoa memwari nzuri sana.

*Muda na matumizi.* Hesabu kwa sahani za kuoteshea bakteria, si kwa wagonjwa. Poda ya Mueller-Hinton, agari ya kuwaoteshea, kwa kawaida ni gramu 38 kwa lita (soma lebo); kopo la gramu 500 linatoa lita 13 hivi. Sahani ya milimita 90 inameza karibu mililita 25, kwa hiyo lita moja ni sahani 40. Toa za majaribio, za udhibiti na zitakazooza, ndipo ujue kopo linatosha bakteria wangapi. Vitendanishi vikiagizwa mbali, agiza vyote kwa mara moja, na tarehe ya mwisho ipite siku yako ya utetezi.

*Ruhusa.* Kamati, mkuu wa maabara, na ridhaa inayosema sampuli itatunzwa muda gani. Ikivuka mpaka wa Ruzizi, panahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, vibali vya pande zote mbili na vifungashio vya tabaka tatu. Kubeba mirija kwenye mkoba kunahatarisha watu na kufuta kazi yako.

*Inapokwama.* Umeme, kwanza. Inkubeta iliyozimika usiku inaacha bakteria wasiokua, nawe unaandika "hasi" mahali palipokuwa na ugonjwa. Weka kipimajoto kinachokumbuka joto la chini na la juu, soma kila asubuhi, na sahani za usiku wenye hitilafu zirudiwe. Friji ya diski za antibiotiki na vifaa vya vipimo ikae nyuzi 2 hadi 8.

Antibiogramu ina mitego yake. Agari iwe na unene wa milimita 4: ikizidi, duara lisilo na bakteria kuzunguka diski linakuwa dogo na dawa inaonekana haiui, ikipungua, duara linapanuka na dawa mbovu inasifiwa. Mchanganyiko wa bakteria ulingane na McFarland 0.5 (kipimo cha uzito wa ukungu wake); ukiwa mzito, unaleta usugu wa uongo. Kila wiki, na kila unapofungua agari au diski mpya, pima E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye maduara yake yanajulikana. Maduara yake yakitoka nje ya jedwali, matokeo ya wagonjwa wa siku hiyo hayaandikwi.

Kwenye kinyesi, kibao cha Kato-Katz hubeba miligramu 41.7, ndiyo maana mayai yanazidishwa kwa 24. Mayai ya minyoo ya safura hufutika chini ya gliserini, kwa hiyo slaidi isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Ya kichocho yanasubiri. Watu huandaa slaidi 40 asubuhi, wanakula, wanarudi kusoma, kisha wanaandika kwamba kijiji hakina safura.

Kwenye malaria, rangi ya Giemsa ya asilimia 10 inakaa dakika 10 hadi 15, kwa maji ya pH 7.2. Vimelea vinahesabiwa dhidi ya seli nyeupe 200, na slaidi haiitwi hasi kabla ya kupitia nyanja 100. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja asione jibu la mwenzake.

*Inamfaa nani.* Mwenye mikono mitulivu, mwalimu anayefika maabara kweli, na umeme wa akiba. Bila hicho cha mwisho, hata akili nyingi hazitaokoa sahani.

4. Maji na ziwa

*Swali.* Ubora wa chemchemi, uchafu wa mito ya mjini kama Kawa, samaki, mwani, joto na gesi za Kivu. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 485 na limebeba kaboni dayoksaidi na methani iliyoyeyuka chini. Kupita mita 60 au 70 hivi hakuna oksijeni. Wanasayansi wa nchi nyingi wanalifuata, na wewe unaliona dirishani. Hata sambaza, samaki mdogo wa ziwa hili, ana historia ya utafiti: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

*Muda na matumizi.* Msimu ndio bosi. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 5, kiangazi ni mwezi wa 6 hadi wa 8. Kupima msimu mmoja tu kunatoa picha nusu, kwa hiyo panga miezi 8 au zaidi. Mtumbwi, mafuta na jaketi la kuokolea viingie bajeti, jaketi halipunguzwi.

*Ruhusa.* Nyepesi zaidi kwa maji yenyewe: mamlaka ya mahali na kamati ya chemchemi. Ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega au ukikusanya wanyama, vibali vya hifadhi vinahitajika mapema. Ukiwauliza wachotaji maswali, unarudi kwenye kamati ya maadili.

*Inapokwama.* Kati ya chemchemi na maabara. Chupa iwe tasa, ikae kwenye barafu, na sampuli ichujwe ndani ya saa 6, isipite kamwe 24. Maji ya bomba yenye klorini yanahitaji chupa yenye thiosulfati ya sodiamu, la sivyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na bomba linapata sifa isiyo yake. Baada ya mvua maji huwa mekundu na kuziba kichujio cha mililita 100. Andaa pia mililita 10 na 1, kisha uzidishe. Klorini huru pima palepale bombani.

Kwa sambaza, andika hali ya mwezi kila siku ya kupima. Wavuvi wanavuta samaki kwa taa, na usiku wa mbalamwezi mavuno hushuka. Aliyelinganisha wiki ya giza na wiki ya mwezi mkubwa amelinganisha mwanga wa mbinguni.

*Inamfaa nani.* Wa biolojia, kemia, mazingira na afya ya jamii anayeanza mapema, anayeweza kurudi mahali palepale kila mwezi. Kabla ya kuchagua kituo cha kupimia, uliza kama barabara yake inapitika na ni salama wakati wa mvua.

5. Mahojiano ya kina

*Swali.* Kwa nini, na kwa namna gani: mama anayejifungulia nyumbani wakati kituo kiko karibu, mgonjwa anayeacha dawa za kifua kikuu. *Muda:* watu 15 hadi 25 mara nyingi hutosha, mpaka maneno yaanze kujirudia. Lakini saa moja ya sauti inadai saa 4 hadi 6 za kuandika, na zaidi ikitoka Mashi kwenda Kifaransa. Mahojiano 20 ni karibu saa 100 za vipokea sauti masikioni. *Ruhusa* ni kamati ileile, na inakuwa kali zaidi mada ikiwa ukatili wa kingono. Hapo usiulize swali kama huna mahali pa kumpeleka siku hiyohiyo mtu ambaye jeraha lake limefunguka. Mji huu una huduma zinazojulikana duniani kwa kazi hiyo; zungumza nazo kabla, si baada. *Inapokwama:* mwanafunzi mwenye koti jeupe akiuliza, Mama anajibu anachodhani daktari anataka kusikia. Vua koti, kaa kimo kimoja naye, anza na watoto na kazi zake. *Inamfaa* anayejua lugha ya wazee vizuri na anayeweza kunyamaza.

Kwa hali yako

Umebakiwa na miezi minne na huna msaada wa fedha: dosiye, baada ya jaribio la zile 20. Ukikuta zimejaa mapengo, nenda kwenye mahojiano badala ya kulazimisha takwimu.

Mnatoka watatu kwa mwalimu mmoja: fanyeni kaya pamoja kwa dodoso moja, kila mtu na swali lake. Andikeni mapema nani anamiliki sehemu gani, kabla urafiki haujajaribiwa.

Uko ISTM au biomedikali na una maabara yenye jenereta: antibiogramu au Kato-Katz, sampuli chache zilizodhibitiwa vizuri. Slaidi 150 zilizosomwa na watu wawili zinatetewa kwa urahisi kuliko 600 za mtu mmoja.

Uko mwaka wa tatu na bado una muda mbele: anza maji sasa, ukipima chemchemi zilezile kila mwezi. Utakapofika mwaka wa mwisho utakuwa na misimu miwili mkononi.

Unawaza shahada ya juu baadaye: changanya mbili ndogo. Dosiye zikuonyeshe kwamba akina mama wa upande fulani wanafika wamechelewa, kisha mahojiano 12 upande huohuo yakueleze wanachelewa kwa nini. Lakini omba vibali vyote viwili kwenye protokoli moja, na mwombe mwalimu wako asaini kalenda ya sehemu zote mbili kabla hujafungua dosiye ya kwanza.